Kuchagua kitabu kikongwe cha Kiswahili kwa kikundi cha kusoma mtandaoni

Kikundi cha kusoma kikifa, mara nyingi hufa wiki ya tatu, na sababu huwa ilipandwa siku ya kuchagua kitabu. Jina lilikuwa kubwa, kila mtu akaweka dole gumba, kisha ikabainika kwamba watu 20 wana nakala tatu tu. Wengine wanangoja PDF. Wawili wanasoma kweli na kuulizana wao kwa wao, mpaka nao wanachoka.

Maelezo haya ni ya kikundi cha watu 10 hadi 25 kinachokutana kwa WhatsApp au kwa simu ya video, na kinachotaka kusoma Kiswahili cha zamani. Kitabu kikongwe, kwa hapa, ni kilichotoka miaka 40 iliyopita au zaidi na bado watu hawajamaliza kukibishania. Kwa kila kitabu mnachokifikiria, pimeni mambo matatu kwa mpangilio huu: nakala, kurasa, ubishi. Msianze na ubishi. Ndio wenye raha, na ndiyo maana vikundi huanza nao na kujikuta vimependa kitabu kisichopatikana.

Nakala kwanza

Anzeni wiki tano kabla ya kikao cha kwanza. Msimamizi achague vitabu vitano au sita, aandike majina yake kundini, na aulize swali moja tu: nani anacho mkononi leo? Asiulize nani anakipenda au nani aliwahi kukisoma. Anayejibu atume picha mbili, ya jalada na ya ukurasa wa ndani wenye jina la mchapishaji na mwaka wa chapa. Ile picha ya pili ndiyo yenye kazi.

Sababu ni hii: vitabu vya zamani vya Kiswahili vimehamahama. Kazi za Shaaban Robert zilitoka kwa wachapishaji mbalimbali, Kusadikika ikiwa kwa Nelson mwaka 1951, na miaka ya baadaye Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa upya kadhaa kati ya hizo. Herufi zimebadilika ukubwa, kurasa zimebadilika hesabu. Mmoja akisema “tazameni ukurasa wa 40,” nusu ya kikundi wanatazama jambo jingine. Tafsiri zina shida zaidi, kwa kuwa maneno yenyewe hubadilika. Nyerere aliitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, mara mbili, 1963 na 1969, na ile ya pili, Juliasi Kaizari, ni ileile ya kwanza baada ya kupitiwa upya. Watu wawili wanaweza kugombana dakika 20 juu ya neno ambalo kwa mmoja halipo kabisa.

Mkishajua chapa zilizopo, amueni moja iwe ya kikundi. Wenye chapa nyingine wasifukuzwe, bali ratiba yote iandikwe kwa sura na kwa maneno ya mwanzo wa aya, kamwe isiandikwe kwa namba za kurasa. Kazi hiyo inachukua kama nusu saa, na huwaondolea watu kero ya miezi miwili.

Walio nje wanahitaji muda mrefu zaidi. Vitabu vya Mkuki na Nyota huuzwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini kupitia African Books Collective, kwa hiyo aliye Toronto au Berlin anaweza kuagiza bila kumsumbua ndugu anayesafiri. Kwa vitabu vya wachapishaji wengine, ndugu anayesafiri ndiye posta bora kuliko zote, ila apewe orodha iliyoandikwa na jina la mchapishaji, maana ukimwambia kwa mdomo atakuletea mwongozo wa mtihani wenye jina lilelile. Maktaba za vyuo vikuu zinazofundisha Kiswahili, kama SOAS ya London, zina vitabu ambavyo havipo tena madukani, na maktaba ya mtaa huweza kuviazima kwa niaba yako ukiuliza mapema.

Kuhusu PDF zinazozagaa: ziacheni. Licha ya kuwanyima waandishi na warithi wao haki yao, nyingi ni picha za simu zilizopigwa kwa haraka. Kurasa mbili zimerukwa, kingo zimekatwa, na aliyesoma hajui kwamba sura ya tano imepungua hadi aje kikaoni. Kazi za kale sana ni jambo jingine. Utendi wa Mwana Kupona, wosia wa mama kwa binti yake, ulitungwa mwaka 1858, na beti zenyewe hazina mwenye kuzidai. Lakini maelezo, utangulizi na tafsiri za mhariri wa karne ya 20 ni mali ya mhariri, basi nakilini beti, msinakili maelezo.

Kipimo cha mwisho cha nakala ni cha hesabu. Kama kufikia wiki ya tatu kabla ya kuanza watu wenye kitabu mkononi au risiti ya kukiagiza hawajafika theluthi mbili, kitabu hicho kiondoke hata kama ni bora namna gani. Kiwekeni akiba kwa msimu ujao.

Kurasa

Unene wa kitabu hudanganya pande zote mbili. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) haijatimiza miaka 40, lakini itajwe hapa kwa kuwa ndio mtego unaowanasa wengi: ni nyembamba kama daftari, watu huichagua wakidhani ni ya wiki mbili, kisha wanafika mwisho bila kujua walikuwa wapi. Ni riwaya ya ndoto na mafumbo, na kurasa zake tano zinaweza kula kikao kizima. Upande wa pili kuna Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, aliyeimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambayo kwa Kiswahili ilitoka 1980. Inazidi kurasa 600, lakini lugha yake inatiririka: ndoa, ugumba, wakwe, ulevi, uvuvi, dawa, yote kwa utulivu wa mtu anayekusimulia mkiwa mmekaa nje jioni. Ukurasa wake mmoja ni mwepesi. Kurasa 600 ni nzito.

Kwa hiyo pimeni kwa saa. Watu watatu ambao hawajakisoma kitabu wasome kurasa kumi za katikati, si za mwanzo, na kila mmoja aandike dakika alizotumia. Kurasa za mwanzo mwandishi huzipamba, na za katikati ndizo kitabu chenyewe. Chukueni muda wa aliyechelewa kuliko wote. Akitumia dakika 30, ni dakika 3 kwa ukurasa. Sasa waulizeni wanakikundi kwa uaminifu wana dakika ngapi za kusoma kwa wiki. Mtu mwenye kazi na watoto akisema saa tano, mpunguzieni mpaka dakika 90. Dakika 90 kwa dakika 3 ni kurasa 30 kwa wiki, na wiki sita ni kurasa 180. Huo ndio upeo wa kitabu chenu. Riwaya nyingi za Kiswahili za miaka ya 1960 na 1970 zinaenea humo bila kubanwa.

Wiki sita ni urefu mzuri. Chini ya nne, anayechelewa kupata nakala hapati nafasi ya kuwafikia wenzake. Zaidi ya nane, mtu akikosa vikao viwili anaona haya kurudi. Kitereza akichaguliwa, mgawanyeni katika misimu miwili yenye mapumziko ya mwezi kati yake, na kila msimu uhesabiwe kuwa kitabu kimoja kilichokwisha.

Tazameni na kalenda. Ramadhani ikiangukia katikati ya ratiba, kikao cha saa 3 usiku kinagongana na tarawehe kwa Waislamu walio Afrika Mashariki. Ama sogezeni saa, ama mwezi huo msome tungo fupi. Desemba nayo msiihesabu, watu wako safarini.

Lugha yenyewe ni sehemu ya kurasa. Mtu aliyekulia Tabora au Kitale anaweza kusoma riwaya ya Adam Shafi bila kamusi, isipokuwa maneno machache ya bandarini na ya mitaa ya Unguja. Mtu huyohuyo akipewa Mwana Kupona anakutana na Kiamu, lahaja ya Lamu: kupulika ni kusikia, mato ni macho, nti ni nchi, ndia ni njia. Hapo ukurasa mmoja ni kazi ya jioni. Kwa tungo za aina hii teueni mtu mmoja wa kuandaa orodha ya maneno 15 hadi 20 kwa wiki, na aitume siku mbili kabla ya watu kuanza kusoma, isije baada. Kamusi ya Kiswahili Sanifu haitoshi kwa lahaja za kaskazini. Kamusi ya Charles Sacleux ya 1939 ina hazina kubwa ya maneno ya lahaja, ila maelezo yake ni ya Kifaransa. Mkiwa na mwanachama wa Bukavu au Bujumbura, huyo ndiye wa kuifungua, na kikundi kitagundua ghafla umuhimu wake.

Mwana Kupona ana faida moja isiyotegemewa: katika chapa zinazotumika zaidi utendi una beti 102, na 102 kwa 6 ni 17 kamili. Beti 17 kwa wiki. Mmoja azighani kwa sauti na kuirusha kundini. Ni kama dakika nne, faili ambayo kwa kawaida haifiki MB 1, na hata asiye na bando la kutosha anaifungua. Utendi ulitungwa usikike, na anayeusoma kwa macho tu hupoteza nusu.

Ubishi

Kitabu kinachosifiwa na wote hakina kikao ndani yake. Watu watasema “lugha ni tamu”, “funzo ni kubwa”, kisha kimya. Mnachohitaji ni kitabu ambacho watu wawili wenye akili timamu wanakifunga wakiwa na majibu mawili.

Rudini kwa wale watatu waliosoma kurasa kumi. Kila mmoja aandike swali moja kuhusu alichosoma. Kama maswali yote matatu yanajibika kwa kurudi kwenye ukurasa na kusonda kidole, kitabu hicho ni cha kusomwa peke yako. Kama hata swali moja linawafanya wenzake wajibu tofauti, endeleeni.

Mifano ya maswali yenye nguvu. Katika Kusadikika: Karama anajitetea mahakamani kwa hadithi za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa na kulipwa adhabu. Je, ni utetezi wa kisheria au ni kuwachelewesha wenye hukumu kwa ngano tamu? Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972): kati ya Idi, Bahati na Mzee Mwinyi, nani hasa anamtumia nani? Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), juu ya Vita vya Maji Maji: neno linalowaunganisha watu likiwa halina uhakika, aliyelitamka afanye nini nalo? Mwana Kupona anamwambia binti yake kwamba kiumbe ana radhi tano za kutafuta, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Anafundisha utii, au ni mama mgonjwa anayempa mwanawe mbinu za kuishi salama katika nyumba ya mwanamume? Swali hilo peke yake linajaza vikao viwili, na wanaume wa kikundi wajiandae.

Kuna aina moja ya kitabu inayoharibu ubishi bila kosa lake: kile kilichowahi kutahiniwa. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ni riwaya kali, lakini ilisomwa kama kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya, na Mkenya wa umri fulani akiulizwa juu ya Maimuna hujibu kwa lugha ya karatasi ya mtihani: dhamira, maudhui, mbinu rejeshi. Huo tuuite ugonjwa wa mwongozo. Dawa yake ni kuchanganya. Msichague kitabu ambacho zaidi ya nusu ya kikundi walikifanyia mtihani. Kikichaguliwa hata hivyo, pigeni marufuku msamiati wa fasihi kwa vikao viwili vya mwanzo, watu waseme tu walichoona na kilichowaudhi.

Hadithi za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960), zina ubishi wa namna nyingine. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake wanapendwa haraka, mazungumzo ni Kiunguja kitupu, na wasomaji wavivu humaliza kabla ya wakati. Tatizo ndilo hilo: mmoja akimaliza siku ya tatu, siri haikai. Vitabu hivi viwe vya wiki tatu badala ya sita, na kanuni iwe moja, kwamba anayetaja kilicho mbele ya sura ya wiki hiyo anaandaa maswali ya wiki inayofuata.

Pia semeni mapema kilichomo. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ilipotoka ilizuiwa shuleni kwa muda, na bado ni nzito: ulevi wa baba, mimba, kutoa mimba, kujiua. Ni kitabu bora kwa kikundi cha watu wazima, lakini mtu aliyefiwa kwa njia hiyo asikutane nayo kwa kushtukizwa saa 5 usiku akiwa peke yake na simu. Sentensi moja katika tangazo inatosha. Kama kundi lina vijana wa sekondari waliojiunga na mama zao, chagueni kingine.

Kura

Kura ipigwe mwisho, baada ya vipimo vyote, na iwe kati ya vitabu vitatu tu. WhatsApp inaruhusu hadi machaguo 12, lakini msiitumie nafasi hiyo, kura zitatawanyika na kitabu kitashinda kwa watu wanne. Unapounda kura, zima kitufe kinachoruhusu majibu mengi, maana kisipozimwa watu huchagua vyote vitatu kwa ukarimu. Iacheni wazi saa 48 ili walio zamu za usiku na walio ng'ambo waikute.

Hesabuni kura za wenye nakala kabla ya nyingine. Mtu anayepiga kura bila kitabu anaonyesha hamu, na hamu haifungui ukurasa wa kwanza. Vitabu viwili vikilingana, chukueni chembamba, na kile kingine kiwe cha msimu unaofuata, kitangazwe siku hiyohiyo ili watu waanze kukitafuta.

Kwa kikundi kipya kabisa, chagueni Kusadikika. Kinapatikana, hakimchoshi mtu, na umbo lake la wajumbe sita limejigawa lenyewe katika wiki sita. Ubaya wake ni Kiswahili chake cha kunyooshwa sana, ambacho wengine hukiona kama hotuba. Kikundi ambacho tayari kina msimu mmoja nyuma yake kiende Kuli ya Adam Shafi (1979), juu ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, kwa kuwa hapo historia inawaingiza hata wasiopenda riwaya. Mwana Kupona awe wa tatu. Kitereza asiwe wa kwanza kamwe.

Tangazo

Likishaamuliwa, tangazo liwe moja na libandikwe juu ya kundi. Saa ndizo huleta fujo kuliko kitu kingine. Mtu aliyekulia Minneapolis akisoma “saa 3” anaweza kujitokeza saa tatu ya kizungu. Andikeni saa ya Kiswahili pamoja na tarakimu za saa 24. Kumbukeni pia kwamba Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na Marekani na Kanada Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna majuma machache ambapo hesabu ya jana haifai leo. Zoom ya bure hukata kikundi baada ya dakika 40. Ama panga kikao cha dakika 40, ama fungua kiungo cha pili mapema.

Mfano wa tangazo, wakati wa majira ya baridi Ulaya:

“Kitabu: Kusadikika, Shaaban Robert. Chapa yoyote, tunafuata wajumbe, hatufuati kurasa. Vikao sita, kila Jumapili. Nairobi, Dar, Unguja: saa 3 usiku (21:00). Goma, Kigali, Bujumbura: saa 2 usiku (20:00). Maskati, Dubai: saa 4 usiku (22:00). London: saa 12 jioni (18:00). Toronto: saa 7 mchana (13:00). Wiki ya 1: mashtaka ya Karama na mjumbe wa kwanza. Wiki ya 2 hadi 5: mjumbe mmoja kila wiki. Wiki ya 6: mjumbe wa sita na hukumu. Kila mtu aje na swali moja aliloliandika. Ambaye hajasoma aje hivyohivyo, ila asikilize dakika 15 za mwanzo kabla ya kusema.”